Kalamu ya wino isiyochosha mkono: namna ya kuichagua ukiwa Mtwara au Lindi

Kalamu ya wino haikandamizwi. Ukilishika hilo, nusu ya kazi ya kuchagua imekwisha. Peni ya kawaida ina wino mzito, na kijipira cha nchani hakizunguki mpaka ukigandamize kwenye karatasi. Ndiyo maana mwalimu aliyesahihisha madaftari ya mikondo miwili hulala kiganja kimekaza na sugu imevimba kwenye kidole cha kati. Kalamu ya wino haiko hivyo. Wino wake ni maji yenye rangi. Hushuka kwenye mifereji myembamba hadi mpasuo wa nibu, kisha karatasi yenyewe huunyonya, na mkono unabaki na kazi ya kuongoza tu. Kalamu ya wino inayokulazimisha ukandamize ina kasoro, hata ikiwa imepakwa dhahabu mwili mzima.

Tukubaliane majina ya sehemu zake. Nibu ni kile kipande cha chuma au dhahabu cha mbele, chenye meno mawili yaliyotenganishwa na mpasuo. Mwisho wa meno pana ncha, punje ndogo ya madini magumu iliyochomelewa hapo ili isilike haraka. Chini ya nibu kuna kipande cheusi chenye mifereji, ambacho hapa tutakiita ulimi. Unaposhika kwa vidole ni shingo. Ndani ya mwili hukaa wino: ama kwenye katriji, kichupa cha plastiki cha kutumia na kutupa, ama kwenye konveta, kibomba kidogo cha kuvutia wino kutoka chupani, ama kwenye mwili wenyewe.

Kwanza, je, kazi yako inaihitaji?

Karani wa AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima, anayeandika stakabadhi za korosho kwa nakala tatu za karatasi ya kaboni asisumbuke. Kaboni inadai mkandamizo, na nibu ikikandamizwa meno yake hutanuka, mpasuo ukapanuka, na kalamu ikaharibika. Msimu wa minada atumie peni ya kawaida, hii aiweke kwa ajili ya barua na mihtasari ya vikao. Vilevile risiti zenye karatasi inayong'aa hazinyonyi wino. Maandishi yatakaa juu kama tone kwenye jani la mgomba na kufutika kwa kidole.

Inawafaa hasa wanaoandika kurasa nyingi kwa mkupuo: walimu wanaoandaa maazimio ya kazi, wanafunzi wa vyuo, makatibu wa vikao, wanaonakili mashairi, na wazee wanaoandika barua ndefu. Mwanafunzi anaweza kuizoea darasani, lakini kwenye mtihani wa taifa awe na wino wa bluu au mweusi, tena usiofutika kwa maji, na peni ya akiba mfukoni.

Hatua ya kwanza: pima vidole vyako kabla hujatazama kalamu yoyote

Wengi huanza na rangi na jina. Anza na unene wa shingo, kwa kuwa hapo ndipo maumivu yanapozaliwa. Shingo nyembamba mno huvilazimisha vidole vibane kama vinashika sindano. Nene mno huviacha wazi na kalamu inazunguka.

Kipimo chake hakihitaji duka. Chukua peni ya kawaida, zungushia utepe wa karatasi mahali unaposhika, mizunguko michache, kisha andika ukurasa mzima. Ongeza mizunguko, andika tena. Endelea mpaka ufike unene ambao vidole vyenyewe vinalegea. Hapo chukua uzi, zungusha mara moja, nyoosha kwenye rula na ugawe kwa 3.14. Uzi wa milimita 28 ni shingo ya milimita 9. Milimita 31 ni 10. Milimita 35 ni 11. Milimita 38 ni 12. Watu wazima wengi huangukia kati ya 10 na 12. Andika namba yako mahali, maana wauzaji wa mtandaoni wengi hutaja kipenyo cha shingo na ukiwauliza wasiotaja wataipima.

Ukiwa na uzi mkononi, angalia pia unashika umbali gani kutoka nchani. Anayeshika karibu, sentimita mbili na nusu hivi, anaweza kutumia karibu kalamu yoyote. Anayeshika mbali, sentimita nne, vidole vyake vitaangukia pale shingo inapokutana na mwili, na hapo kalamu nyingi zina ngazi kali au nyuzi za kufungia kifuniko. Ngazi hiyo huisikii kwenye mstari wa kwanza. Ukurasa wa tatu utaisikia.

Halafu kuna jasho. Pwani yetu ina unyevu mwaka mzima, na kuanzia mvua za Desemba mpaka Aprili vidole havikauki. Shingo ya chuma iliyong'arishwa inapendeza kwenye picha na kuteleza kwenye mkono wa Mikindani. Tafuta plastiki isiyong'aa, ebonaiti (mpira uliogandishwa ukawa mgumu), au mbao. Kama kalamu uliyoipenda ina shingo ya chuma, iwe na mikwaruzo au mibonyeo ya kuzuia vidole, na usiipake kitu chochote cha kunata, kitaozea hapo.

Hatua ya pili: uzito, na zaidi ya uzito, mahali uzito ulipo

Peni ya kawaida ya plastiki ina gramu 6 hivi. Kalamu ya wino nyepesi ina kati ya 12 na 18, ya wastani 20 hadi 28. Ikishavuka 35 ni mzigo kwa anayeandika saa nzima, ingawa kwa kutia sahihi inafaa na ina heshima yake. Mzani wa sonara utakupa jibu kwa dakika moja kama muuzaji hajui.

Hata hivyo gramu 25 zinaweza kuchosha kuliko 30. Ilaze kalamu juu ya kidole cha shahada, isogeze mpaka isimame bila kuanguka upande wowote. Hapo ndipo katikati ya uzito wake. Sasa ishike kama unayeandika: katikati hiyo inapaswa kuangukia kwenye bonde kati ya gumba na kidole cha shahada, au mbele yake kidogo. Ikiangukia nyuma ya bonde, mkia wa kalamu unavuta chini, ncha inataka kunyanyuka, na vidole vyako vinapigana nayo kila herufi bila wewe kujua. Ukimaliza unasema kalamu ni nzito, kumbe imekaa vibaya.

Mkosaji mkubwa ni kifuniko kuchomekwa mkiani. Kifuniko cha chuma peke yake kinaweza kuwa na gramu 10. Rudia kipimo kile kikiwa kimechomekwa na kikiwa kimetolewa. Bila kifuniko, mwili uwe na urefu wa kutosha kulala bondeni bila kukuchoma. Kwa mikono mingi sentimita 12 kutoka nchani mpaka mkiani zinatosha.

Hatua ya tatu: nibu, na hapa usiwe na haraka

Nibu huandikwa herufi: EF ni nyembamba sana, F nyembamba, M ya kati, B nene. Tatizo ni kwamba herufi hizo si kipimo kimoja duniani. Za Kijapani, kama Pilot, Platinum na Sailor, huandika mstari mwembamba kuliko za Ulaya zenye herufi ileile, karibu hatua nzima. F ya Kijapani huacha mstari wa milimita 0.4 hivi, F ya Kijerumani 0.5 hadi 0.6. M ya Kijapani inakaribia F ya Ulaya, na M ya Ulaya hufika 0.7.

Kwa kaunta buku na madaftari yanayouzwa kwetu, chagua mstari wa 0.4 hadi 0.5. Karatasi hizo ni nyembamba, zina nyuzi zilizo wazi, na zikishanyonya unyevu wa hewa wino husambaa pembeni ya herufi na kupenya upande wa pili. Nibu ya M ya Ulaya juu ya daftari la bei ndogo mwezi wa Februari itakupa maandishi yenye manyoya. EF nayo ina ubaya wake: ncha yake ni ndogo, kwa hiyo hukwaruza zaidi na kuokota nyuzi za karatasi, zikakwama kwenye mpasuo na kuchafua mstari. F ya Kijapani, au EF ya Ulaya, ndiyo njia ya kati.

Chuma au dhahabu? Dhahabu safi ni laini mno, hivyo nibu hutengenezwa kwa mchanganyiko: alama ya 14K au 585 maana yake sehemu 585 kati ya 1,000 ni dhahabu, na 18K ni 750. Dhahabu hailiwi na asidi ya wino, na nibu nyingi za dhahabu zina unyumbufu kidogo. Lakini kinachogusa karatasi si dhahabu wala chuma, ni ile punje ya nchani, na punje nzuri inawekwa hata kwenye kalamu ya chuma ya bei ya kawaida. Anayeanza asinunue dhahabu. Kwanza, hajajua mkono wake unapenda nini. Pili, aliyezoea peni ya kawaida atakandamiza kwa wiki kadhaa, na nibu laini ndiyo inayoumia. Maneno "Iridium Point" yaliyochongwa kwenye nibu nyingi za bei ndogo yasikutishe wala yasikuvutie. Hayasemi chochote kuhusu ubora.

Anayeandika kwa mkono wa kushoto akiusukuma kutoka kushoto kwenda kulia achukue F yenye ncha ya duara na wino unaokauka haraka, na aepuke nibu zilizokatwa bapa. Shida hiyohiyo humpata anayeandika kwa mkono wa kulia hati za Kiarabu. Kilwa na Lindi bado wapo wanaoandika Kiswahili kwa herufi hizo, na wengi wamejifunzia madrasa kwa kalamu ya tete iliyochongwa kwa kisu. Mstari unakwenda kushoto, nibu inasukumwa badala ya kuvutwa, na kiganja kinafuata juu ya wino mbichi. Nibu ya duara ya M, laini kila upande, itaandika bila kukwama. Wapo wanaonunua nibu bapa ya milimita 1.1 wakitarajia kupata unene na wembamba wa kalamu ya tete. Wataupata kiasi, lakini tete hukatwa mshazari kwa ajili ya mkono huo na nibu bapa ya kiwandani imekatwa wima, kwa hiyo itabidi uigeuze karatasi mshazari badala ya mkono.

Hatua ya nne: wino ukae wapi

Katriji ni rahisi, ila kila jamii ina mdomo wake. Fupi ya kimataifa huchukua karibu mililita 0.8 na huingia kwenye kalamu nyingi za Ulaya. Pilot, Platinum, Sailor na Lamy kila mmoja ana yake. Kwa Kusini jambo hili si dogo: ukimaliza pakiti Nachingwea, ya pili huenda ikatoka Dar es Salaam kwa basi, au nje kwa posta. Nunua kalamu inayokubali konveta, hakikisha konveta yake imo ndani ya boksi au inunue siku hiyohiyo, kisha utumie chupa. Chupa ya mililita 50 hujaza konveta ya nusu mililita mara 100 hivi.

Zinazojaza wino mwilini, iwe kwa pistoni ya ndani au kwa kudondoshea wino moja kwa moja mwilini, zinasifiwa kwa kubeba wino mwingi. Kwenye joto zina tabia ya kutema. Sababu ni hewa iliyo juu ya wino: ikipashwa moto na kiganja au na jua la bodaboda hutanuka na kuusukuma wino nje. Kupanda mwinuko hufanya hivyohivyo. Kutoka Mtwara mjini hadi Newala, juu ya mita 600 kutoka usawa wa bahari, shinikizo la hewa hushuka vya kutosha kuitanua hewa iliyofungiwa kwa asilimia 7 au 8. Kwenye konveta yenye nusu mililita ya hewa ni kiasi cha chini ya tone moja, na ulimi mzuri hulidaka. Kwenye kalamu ya kudondoshea iliyobakiwa na mililita moja na nusu ya hewa, ni matone mawili, na yatakuwa ndani ya kifuniko au kwenye kanzu. Ukipenda kalamu hizo, zijaze kabla hazijafika nusu, na safarini zisimame nibu juu.

Hatua ya tano: kifuniko kinachofunga kweli

Kalamu ya wino inayokauka nibu kila asubuhi itakuishia kwenye droo. Wino ukikauka unakuwa mzito, rangi inakoza, na unaanza kuitikisa na kuikandamiza. Tazama ndani ya kifuniko: kalamu nzuri ina kifuniko kingine kidogo ndani, kinachoizunguka nibu na kukaza kwenye shingo. Platinum wanaweka chenye springi, hata kwenye Preppy, kalamu yao ya bei nafuu, na ndiyo maana inashauriwa kwa mtu anayeandika mara moja kwa wiki. Kipimo cha nyumbani: jaza, funga, isimamishe nibu juu kwa siku tatu. Ifungue, andika bila kuitikisa. Herufi ya kwanza ikitoka, kifuniko ni kizima.

Hatua ya sita: jaribio la dakika kumi

Kama unanunua mkononi, iwe duka la vifaa vya ofisi mjini au kwa mtu aliyeitumia, nenda na vitu vinne: lenzi ya kukuzia mara 10 (masonara wanayo), chupa ndogo ya wino, kitambaa, na daftari lako mwenyewe. Usikubali karatasi ya muuzaji. Karatasi nene nyororo huficha kasoro zote.

Tazama nibu kwa lenzi ikikuelekea usoni. Meno mawili yawe usawa mmoja. Moja likiwa juu ya jingine, kalamu itakwaruza upande mmoja. Mpasuo uwe mwembamba na uzidi kufinyika kuelekea nchani. Meno yakiachana kabisa nchani, mtu alishaikandamiza. Kisha tazama kama nibu imekaa katikati ya ulimi bila nafasi kati yao, maana nafasi hiyo hukata mkondo wa wino.

Chovya nibu tu, futa, andika. Anza na mistari ya kulala kwenda na kurudi, halafu ya kusimama, halafu namba nane mfululizo, kubwa na ndogo, mizunguko ya kulia na ya kushoto. Mkono uwe mwepesi kiasi kwamba kalamu inajibeba kwa uzito wake. Sikiliza. Mlio mdogo wa kukwangua karatasi kila upande ni wa kawaida kwa nibu nyembamba. Mlio unaotokea upande mmoja tu ni meno yasiyo usawa. Ukiwa na subira hulirekebisha jino la juu kwa kulibonyeza na ukucha sekunde chache, ukatazama, ukarudia. Ukiona kalamu haianzi mwanzoni mwa herufi ila ukikandamiza kidogo inaanza, ncha yake imeng'arishwa kupita kiasi: kingo za ndani za mpasuo zimekuwa mviringo na wino haufiki kwenye karatasi. Hiyo iache dukani. Kuirekebisha ni kuisaga, na anayejifunza kusaga huharibu nibu kadhaa kwanza.

Baada ya hapo andika aya nzima ya maneno yako, mwendo wako wa kawaida. Mistari kumi haitoshi kujua uchovu, lakini inatosha kuona kama gumba limeanza kubana.

Majina makubwa huigwa sana. Dalili za kuigwa: maandishi ya nibu yaliyopakwa rangi badala ya kuchongwa, kifuniko kinachocheza kikiwa kimefungwa, na konveta isiyokaza. Bei ndogo ya ajabu nayo ni dalili.

Zipi, basi?

Kwa anayeanza, Pilot Kakuno ni nyepesi, shingo yake ina pembe tatu zilizolainishwa, na nibu yake ni ya jamii ileile inayowekwa kwenye Pilot Metropolitan ya bei ya juu kidogo. Imetengenezwa kwa watoto na ina uso unaotabasamu juu ya nibu. Mkuu wa shule asiyejali hilo ameokoa fedha. Metropolitan ina mwili wa shaba nyeupe, gramu 26 hivi, imekaa vizuri mkononi, ila ina ngazi kati ya shingo na mwili, kwa hiyo anayeshika mbali aijaribu kwanza. Lamy Safari ya Ujerumani, iliyopo tangu 1980, ina gramu 17 na shingo ya pembe tatu inayokupangia vidole. Ukishika hivyo utaipenda. Ukishika namna yako mwenyewe itakutesa, na hakuna kuizoea. Faida yake kubwa ni nibu inayovutwa kwa utepe wa kunata na kubadilishwa nyumbani.

Aliyeshajijua mkono na anataka dhahabu atazame Platinum 3776 au Pilot Custom 74, zote 14K na nyepesi. Hiyo 3776 ni urefu wa mlima Fuji kwa mita. Za Kichina za bei ndogo, Jinhao na wenzake, nyingine zinaandika vizuri ajabu, ila mbili za aina moja haziwi sawa, kwa hiyo bila jaribio la hatua ya sita unacheza bahati nasibu.

Na mpingo? Swali hilo haliepukiki kwenye mikoa ya wachonga vinyago. Mpingo ni mbao bora ya mwili wa kalamu: mzito, mgumu, hautelezi kwenye jasho, na unang'aa bila rangi. Fundi mwenye mashine ya kukereza anaweza kukutengenezea mwili kwa kutumia vifaa vya chuma na nibu ya kiwandani. Masharti ni matatu. Mti uwe umekauka sawasawa, kwani mpingo hukauka polepole sana na ukikerezwa mbichi utapasuka kandokando ya bomba la ndani. Nibu iwe ya saizi ya kawaida, namba 5 au 6, ili ikiharibika upate nyingine. Na ukuta wa mbao uwe mwembamba, la sivyo pamoja na bomba na kifuniko utavuka gramu 40. Hakikisha ni mpingo kabla haujakerezwa: gogo lake huzama majini, na kitambaa cheupe kilicholowa hakitoki na weusi wa kiwi.

Wino na karatasi

Kosa linaloua kalamu nyingi ni kuijaza wino wa muhuri, wino wa printa, au wino wa Kihindi wa kuchorea. Huo wa Kihindi una gundi ya lakiri; ukikauka kwenye ulimi hautoki tena. Nunua chupa iliyoandikwa kuwa ni ya kalamu za wino.

Kwa karatasi za kwetu chagua wino mkavu, yaani unaotoka kwa kiasi. Pelikan 4001 unajulikana kwa hilo. Wa Waterman hutiririka zaidi na unafaa nibu inayosita. Kwa kumbukumbu za kudumu upo wino wa chuma na asidi, kama Pelikan 4001 wa bluu-nyeusi na Platinum Blue-Black: unaandika bluu, unageuka mweusi ukikutana na hewa, na maji hayauondoi. Huo usiache kwenye kalamu ya chuma zaidi ya wiki mbili tatu bila kuosha.

Chupa ya wino huota ukungu kwenye joto na unyevu. Usirudishe wino chupani, usichovye kalamu chafu, na usiiweke dirishani. Njia safi ni kumimina kidogo kwenye kichupa na kujazia konveta kwa sindano ya duka la dawa ya mililita 2. Ukiona utando au kunusa harufu ya uvundo, mwaga.

Madaftari yafungie kwenye chombo cha plastiki chenye mfuniko pamoja na vipakiti vile vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu. Unapoandika, weka kipande cha karatasi chini ya kiganja. Jasho na mafuta ya mkono hukaa kwenye ukurasa, na kalamu ikifika hapo inaruka. Watu wengi hulaumu nibu, kumbe sehemu ya chini ya kila ukurasa ndiyo inayoruka, juu haina shida. Aliyetoka kubangua korosho anawe mara mbili.

Wiki ya kwanza

Kalamu mpya ina mafuta ya kiwandani. Kabla ya wino, vuta na kutoa maji yenye tone moja la sabuni ya vyombo kwenye glasi, mara kumi, kisha maji matupu mpaka povu liishe. Maji yawe ya baridi au vuguvugu. Ya moto hupinda plastiki na ebonaiti, na spiriti hupasua aina kadhaa za plastiki. Kama bomba lako lina maji ya chumvichumvi, suuza mara ya mwisho kwa maji ya mvua au ya kunywa. Futa, acha usiku mmoja nibu ikitazama chini kwenye kitambaa.

Ukijaza, zamisha nibu yote mpaka shingo iguse wino, vuta, toa matone matatu, vuta tena hewa kidogo, futa. Rudia kuosha kila wiki nne hadi sita, na kila unapobadili rangi.

Siku za mwanzo mkono utakandamiza wenyewe. Andika nusu ukurasa kila siku juu ya karatasi iliyolala kwenye daftari la pili. Kama alama zinaonekana kwenye daftari la chini, bado unakandamiza. Kalamu ilale kwa pembe ya nyuzi 45 hadi 55, chini ya unavyoshika peni ya kawaida, na upande wa juu wa nibu utazame mbinguni. Ukiizungusha kidogo kwa ubavu inaanza kuruka, na hili ndilo tatizo la kwanza kuliangalia kabla ya kuirudisha kwa muuzaji.

Mfukoni isimame nibu juu, klipu ikishika. Doa la wino kwenye kanzu lioshwe papo hapo kwa maji baridi mengi, bila kusugua na bila pasi. La bluu ya kufutika litatoka, la bluu-nyeusi litabaki.